Wenzetu waliotangulia: klabu iwakumbukeje bila kubagua?

Barua

Ndugu Mshauri,

Mimi ni katibu wa klabu ya pikipiki. Tangu klabu ianze tumeshazika wenzetu tisa: sita kwa ajali, wawili kwa maradhi, na mmoja ambaye alifariki akiwa ameshajitoa kwenye klabu.

Shida yetu ni kwamba hatukuwahi kuwa na utaratibu. Wa kwanza alipofariki tulifanya msafara mkubwa, tukachapisha fulana na kutundika kibao cha shaba ukutani. Waliofuata walipata kwa kadiri ya pesa iliyokuwepo na idadi ya marafiki waliokuwa nao. Aliyetutoka mwaka jana kwa maradhi ya figo hakufanyiwa hata msafara, maana wapo waliosema hakufia barabarani. Mjane wake hajalalamika, ila simu zetu hapokei tena.

Sasa tumekubaliana kuwe na siku moja ya kumbukumbu kila mwaka kwa wote. Vijana wanataka msafara wenye nafasi tupu ya marehemu, kupiga resi (kuvuta mafuta injini ingurume chombo kikiwa kimesimama) kwa pamoja dakika nzima, beji za majina kwenye vizibao, na pikipiki ya mmoja wa marehemu iongoze. Pikipiki hiyo familia ilituomba tuitunze. Ni ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ina karibu mwaka haijawashwa. Kile kibao cha shaba kimeota ukijani na hakina nafasi ya jina jingine. Kuna pia wanaotaka tujenge mnara mdogo wa zege kwenye kona walipofia wenzetu wawili. Na yule aliyejitoa, jina lake liingie au lisiingie?

Tuanzie wapi?

Katibu

Jibu

Ndugu Katibu,

Poleni kwa misiba yote tisa. Anzeni kwa mjane wa mwaka jana, kabla ya kikao chochote cha maandalizi. Waende watu wawili anaowafahamu, bila msururu wa pikipiki na bila vizibao kama hamna hakika vitapokelewaje. Msimpelekee ratiba iliyokwisha kupangwa. Mwambieni wazi kwamba mumewe hakupewa alichostahili kama mwanachama, kwamba klabu inaandika utaratibu mpya, na kwamba mngependa kujua yeye angependa nini na asingependa nini. Halafu nyamazeni asikilizwe. Akisema hataki lolote, liheshimuni hilo na mwachieni mlango wazi. Baadaye mtu mmoja tu awe ndiye anayewasiliana naye. Mfiwa akipigiwa na wanachama watano, kila mmoja na mpango wake, anachoka na kuzima simu.

Kisha mkae mwandike kanuni moja: tunachomfanyia mmoja tunawafanyia wote, na kiwe kitu tunachoweza kukimudu hata mwaka ambao mfuko ni mtupu. Huu ndio moyo wa jambo lenu. Klabu nyingi huvunjika roho hapa kwa sababu msiba wa kwanza hufanywa kwa uchungu mkubwa na pesa nyingi, na wa nne unakuta watu wamechoka. Familia zinaonana, zinalinganisha. Sababu ya kifo isiwe kipimo. Mtu alikuwa mwenzenu kwa jinsi alivyoishi nanyi, na figo haimpunguzii uanachama. Kwenye kibao, kwenye orodha na kwenye usomaji wa majina msitaje chanzo cha kifo hata kimoja.

Kabla ya msafara fungueni daftari. Kila marehemu awe na ukurasa wake: jina kamili kama familia inavyoliandika, jina la utani mlilomzoea, mwaka wa kuzaliwa, mwaka aliojiunga, tarehe ya kufariki, pikipiki aliyoendesha, na ndugu mmoja wa kuwasiliana naye. Chini yake andikeni familia imeridhia nini: picha itumike au isitumike, jina la utani lisomwe au lisisomwe, kama kuna jambo la dini yao la kuzingatia. Wapo wasiotaka picha, mshumaa wala pombe karibu na jina la ndugu yao, na ni haki yao. Picha za karatasi zipigwe skani kwa nukta 600 kwa inchi ili ziweze kukuzwa baadaye. Zilizo kwenye simu ziombwe kama faili la hati, si kama picha ya kawaida ya ujumbe, maana programu za ujumbe huzibana na kuziharibu. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ikae nyumba nyingine kabisa. Kazi hii fanyeni mapema, kwani simu ya marehemu ikifutwa au ikiuzwa, picha nyingi huenda nayo.

Kuhusu tarehe, bila shaka kuna atakayependekeza Jumapili ya tatu ya Novemba, siku ya dunia ya kuwakumbuka wahanga wa ajali za barabarani. Siku hiyo ilianzia Uingereza mwaka 1993, na Umoja wa Mataifa ukaitambua mwaka 2005. Ni siku njema, shirikini. Lakini isiwe ndiyo siku ya klabu, kwa sababu inawaacha nje walewale wawili waliofariki kwa maradhi, na mtakuwa mmerudia kosa mnalotaka kulirekebisha. Chagueni siku isiyo ya kifo cha mtu yeyote, kwa mfano siku klabu ilipoanzishwa.

Sasa msafara. Uwe mfupi, kilomita 40 hadi 60 kwa jumla, na uendeshwe na watu waliolala usiku. Majonzi na usingizi wa mang'amung'amu vinapunguza umakini kama vile pombe. Pombe yenyewe isiguswe mpaka funguo zimekusanywa na pikipiki zimelala. Aliyekuwepo siku ya ajali na bado anashtuka akisikia breki asilazimishwe kuendesha. Aje kwa gari, na asiulizwe.

Wagawanyeni katika makundi ya pikipiki tano hadi nane, kila kundi na kiongozi wake na mfunga msafara wake. Mwendo upangwe na injini ndogo kuliko zote kundini, na vituo vya mafuta vipangwe na tangi dogo kuliko yote. Wageni na wenye injini ndogo wakae mbele, nyuma tu ya kiongozi. Mkiwaweka mwisho watalazimika kukimbia sana kila mara msafara unapovutika, maana kiongozi akiongeza kidogo, wa mwisho anajikuta anaongeza maradufu ili asiachwe. Mpangilio uwe wa kupishana, mmoja kulia na mwingine kushoto: sekunde 2 kati yako na aliye mbele yako kwenye mstari wako, sekunde 1 kati yako na aliye mbele upande wa pili. Kwenye kona, kokoto, mvua au barabara nyembamba, wote waingie mstari mmoja. Pikipiki ikiharibika asimame mfunga msafara peke yake, mwenye zana na sanduku la huduma ya kwanza, wengine waendelee hadi kituo kinachofuata. Makutano msiyafunge wenyewe. Kama polisi hawapo, kundi likatike, kila mtu angoje zamu yake, mkutane mbele.

Nafasi ya marehemu inapendeza mno ikifanywa vizuri, na ni ya hatari ikifanywa ovyo. Ifanyeni hivi. Kiongozi akae kwenye mstari wake ulio karibu na katikati ya barabara. Mahali pa mwendeshaji wa pili, upande mwingine, paachwe wazi. Wa tatu amfuate kiongozi kwenye mstari uleule kwa sekunde zake 2. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa hiyo ni kama mita 22, na aliye kando ya barabara anaiona nafasi ile waziwazi bila mtu yeyote kuvunja kanuni ya umbali. Inaharibika kwa njia mbili. Ama mwendeshaji mgeni anaiona wazi na kuijaza kwa nia njema, ama gari linajipenyeza. Kwa hiyo kwenye kundi la kwanza wateueni kwa majina waendeshaji watatu wazoefu wa kukaa mbele, wasibadilishane, na wageni wa kundi hilo wawafuate nyuma. Nafasi hiyo ifunguliwe kwenye kipande kimoja tu kilichonyooka, kilomita 2 za mwisho. Njia nzima haihitajiki, maana kwenye kona mtaingia mstari mmoja na nafasi itapotea hata hivyo. Gari likiingia, liacheni. Kiongozi apunguze mwendo taratibu mpaka liondoke. Kwa kuwa mna marehemu tisa, nafasi iwe moja kwa wote, wala msijaribu kuacha tisa.

Msitambae. Kilomita 10 kwa saa inaonekana ya heshima, lakini mwendeshaji anaishi kwenye nusu klachi, sahani za klachi zinaungua, na injini inayopozwa kwa upepo haipati upepo. Waliobeba abiria ndio huanguka kwanza. Kaeni kwenye 30 au 40. Mjane au mtoto akitaka kupanda, apewe kofia ngumu inayomkaa sawasawa, koti, glavu na viatu vinavyofunika kifundo, miguu yake ifike kwenye vikanyagio, na tairi la nyuma lijazwe upepo kwa kipimo cha kubeba abiria. Kuwe pia na gari kwa asiyetaka.

Kupiga resi dakika nzima sikushauri. Injini isiyo na mzigo inapanda mizunguko haraka hadi ukomo wake, haina upepo wa kuipoza, na ekzosi inapata moto wa kuunguza mguu wa mtoto aliyesimama karibu. Mlio wa pikipiki nyingi kwa pamoja unaumiza masikio, na kama mko karibu na makaburi au nyumba ya ibada mtawaudhi watu ambao nao wana wafu wao. Fanyeni hivi badala yake: pikipiki zote zisimame zikiwa zimewashwa, gia huru, zingurume zenyewe bila kuvutwa mafuta kwa dakika moja. Kiongozi ainue mkono, zote zizimwe kwa mara moja. Ukimya unaofuata ndio wakati wa kusoma majina. Msomaji ayafanyie mazoezi kwa sauti na ndugu wa marehemu wathibitishe matamshi. Jina, mwaka aliojiunga, mwaka aliotutoka, kisha kimya kwa sekunde tano. Majina tisa hayafiki dakika tatu. Hotuba isiwepo kabla yake.

Pikipiki mliyoitunza isiongoze msafara. Kwanza si yenu, ni sehemu ya mirathi, na bima ya marehemu haiwezi kuchukuliwa kuwa bado inamlinda mwendeshaji mwingine. Pili, chombo kilichokaa mwaka hakiaminiki barabarani siku yenye macho mengi na majonzi. Ibebwe kwenye gari na isimamishwe mahali pa kusoma majina. Wakati wa kuifunga, mikanda miwili ya mbele ishike kwenye kiungo cha chini cha fork (mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) na ivute chini na mbele, fork zikibonyea nusu. Msifunge kwenye ncha za usukani, unapinda. Kofia aliyoivaa siku ya ajali isiwekwe juu ya kiti. Hata kama ndiyo aliyoipenda, mama yake ataitazama mikwaruzo ile siku nzima.

Kama familia inataka isikike ikinguruma, waandike ridhaa, na fundi aianze kazi wiki tatu kabla. Msibonyeze stata kwanza. Petroli iliyokaa huacha utando unaonata ndani ya kabureta, na tundu la jeti ndogo (kipande kinachopima petroli inayopita), jembamba kuliko sindano ya kushonea, ndilo huziba mapema. Fungueni skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na mpokee yanayotoka kwenye chupa ya kioo. Iacheni itulie. Maji yatajitenga chini, kutu itaonekana kama vumbi jekundu, na petroli iliyochina itakuwa na rangi ya chai na harufu kali ya rangi ya mbao. Mkiona hayo, kabureta ishushwe na isafishwe kwa dawa yake na upepo. Jeti isichokolewe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka kidogo tu injini itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi.

Vuteni kijiti cha oili mnuse. Ikiwa na harufu ya petroli, vali ya sindano ya kabureta imevuja na mafuta yameshuka kwenye krenki, yaani chini ya injini penye oili; mwageni oili yote kabla ya kuzungusha injini. Tangi limwagwe, mwanga wa tochi uingizwe kutazama kutu, kisha lita moja ya petroli mpya inatosha kwa kuanzia. Toeni plagi, tieni mililita 5 za oili safi kwenye silinda, na mzungushe injini taratibu kwa kiki mara kadhaa kabla ya kuirudisha. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikiwa chini ya 12 kwa miezi, huenda imekufa. Chaji isizidi sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani ampea 0.7 kwa betri ya ampea-saa 7 (7 Ah). Kagueni kama pistoni za breki zinarudi au zimeganda.

Na tangu leo acheni tabia ya kuiwasha dakika mbili kila wiki kama kuna aliyekuwa akiipendekeza. Muda mfupi hivyo huacha unyevu ndani ya ekzosi na oili bila kuukausha. Ama iwashwe hadi ipate moto kamili, dakika 15 hadi 20 kila mwezi, ama imwagwe mafuta kabisa, betri itolewe, na isimame kwenye stendi ya katikati chini ya turubai linalopitisha hewa. Andikeni na familia barua ya utunzaji yenye tarehe ya kuirejesha au kuuamua upya mpango huo. Bila tarehe, miaka mitano itapita na watoto wataikuta imekuwa chuma chakavu banda la watu.

Kibao kile cha shaba msikitupe. Kisafisheni kwa polishi ya shaba na kitambaa laini, kisha mrudishieni mwenyewe, yaani familia ya marehemu wa kwanza, kwa heshima. Ukutani wekeni ubao mmoja wenye vibamba vidogo, kimoja kwa kila jina, vyote milimita 150 kwa 30, vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, au 316 kama mko karibu na bahari. Unene wa milimita 1.5 unatosha. Herufi za milimita 8 hadi 10 husomeka vizuri mtu akiwa amesimama hatua mbili tatu. Skrubu ziwe za chuma hichohicho, maana za chuma cha kawaida zitatoa michirizi ya kutu juu ya majina. Agizeni vibamba tisa pamoja na vitupu kadhaa kutoka bati lilelile, ili jina litakaloongezwa baadaye lisiwe na rangi tofauti. Inauma kuagiza vitupu, najua, lakini mbadala wake ni ubao wa viraka. Kabla ya kuchongwa, kila familia isome maandishi herufi kwa herufi na kutia saini.

Beji ya jina kwa kila marehemu itawashinda. Majina tisa tayari yanajaza upande mzima wa kizibao, na atakayevaa matatu tu ataulizwa kwa nini si yote. Iwe beji moja ya kumbukumbu kwa wote, milimita 100 kwa 30, ya nyuzi za poliesta kwa kuwa hazichujuki upesi juani, herufi zisipungue milimita 6. Ombeni faili la mchoro wa kudarizi mkae nalo. Kwenye ngozi tumieni sindano ya ngozi namba 16 na mshono wa milimita 3.5 hadi 4. Mshono wa karibukaribu huikata ngozi kama stempu. Ishikizeni kwa vibanio badala ya pini, kwani kila tundu kwenye ngozi hubaki. Gundi ya pasi haifai kabisa.

Mnara wa zege kwenye kona nasema hapana, na nasema kwa nguvu. Kona iliyokwisha kuwaangusha wawili itamwangusha na wa tatu, na huyo akitoka barabarani akute uwanja mtupu, asikute zege mlilolijenga ninyi. Watu watakaosimama kuweka maua nao watakuwa pabaya. Nendeni mkapige picha za kokoto, mashimo, alama inayokosekana au kichaka kinachoziba macho, mpime umbali ambao kona inaonekana, na mwandikie mamlaka ya barabara kwa jina la klabu. Wekeni nakala kwenye daftari na mfuatilie kila mwezi mpaka mjibiwe.

Aliyejitoa kwa hiari aingie. Kama alikuwa na ada asiyoilipa, imefutika. Andikeni kanuni hiyo sasa, pamoja na ya aliyefukuzwa, ambaye apigiwe kura ya siri mara moja na suala lisifunguliwe tena, ili msije mkalijadili hilo mbele ya jeneza la mtu. Ubao upangwe kwa tarehe za kufariki. Kibamba chake kikae panapostahili tarehe yake, katikati ya wenzake, na siku ya kusoma majina asomwe kwa zamu hiyohiyo na kwa maneno yaleyale: jina, mwaka aliojiunga, mwaka aliotutoka.